TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 17: BI RUFAIDA NA HEMA LAKE MSIKITINI



Leo ni mwezi 17 Ramadhani. Tarehe kama ya leo, mwaka wa 2 Hijria, ndipo vilipopiganwa Vita vya Badr. Najua tangu alfajiri simu yako imejaa habari za mashujaa wa Badr, na ni haki yao. Lakini mimi leo nataka nikuanzie kwa mtu ambaye hakufika Badr.

Sayyidna Uthman bin Affan (r.a) alibaki Madina. Mkewe, Bi Ruqayya, binti wa Bwana Mtume (s.a.w), alikuwa mgonjwa sana, na Mtume mwenyewe ndiye aliyemtaka abaki kumuuguza. Wenzake wakaenda vitani, yeye akakaa pembeni ya kitanda. Habari za ushindi zilipoingia mjini, Bi Ruqayya alikwishafariki na watu walikuwa kwenye maziko yake. Sasa sikiliza: Mtume (s.a.w) alimtolea Uthman fungu lake la ngawira sawasawa na waliopigana, na akamhesabia ujira wa aliyehudhuria Badr. Hakushika upanga siku ile. Alishika mkono wa mgonjwa.

Nimeanza na hilo kwa sababu ya swali nililoulizwa juzi baada ya tarawehe. Baba mmoja, anafanya kazi bandarini hapa, alinisubiri mlangoni mpaka watu wakaisha. Akaniambia: Shehe, binti yangu amepata nafasi chuo cha uuguzi. Mwenyewe anataka, mama yake anataka, lakini bibi yake hataki hata kusikia. Anasema mtoto wa Kiislamu hawezi kwenda kuosha wanaume wasio maharimu zake na kulala kazini usiku. Nifanye nini?

Nilimwomba anipe siku mbili. Jibu langu ni maisha ya mwanamke mmoja, na nimeona tuyasome wote.

*BI RUFAIDA NI NANI?*

Anaitwa Rufaida bint Saad. Wengi humwita al-Aslamiyya, kwa kabila la Aslam, na wengine humwita al-Ansariyya. Alikuwa Madina zama za Mtume (s.a.w). Simulizi nyingi husema ujuzi wa tiba aliupata kwa baba yake, akikaa naye na kumsaidia. Kama ndivyo, basi mwanzo wa muuguzi huyu ni mzazi aliyekubali kumfundisha binti yake.

Vitabu vya sira havikutuandikia mengi kuhusu mavazi yake, ndoa yake wala nyumba yake. Vilichotuhifadhia ni kazi yake. Ibn Is-haqa, mmoja wa waandishi wa mwanzo wa sira, anamweleza kwa mambo mawili: kwamba alikuwa akiwatibu majeruhi, na kwamba alijitolea nafsi yake, akitaraji malipo kwa Allah, kumhudumia kila Muislamu aliyekuwa katika hali ya kupotea, yaani asiye na mtu wa kumwangalia.

Hebu rudia hilo la pili. Majeruhi wa vita ana jina, watu watamtafuta. Lakini je, yule mgeni, yule maskini, yule asiye na ndugu mjini? Huyo ndiye mgonjwa wa Bi Rufaida. Hapa kwetu tunawafahamu watu hao. Ni baharia aliyeshushwa melini akiwa na homa, hajui mtu Mtwara. Ni kibarua aliyetoka mbali msimu wa korosho, akavunjika mguu. Wodini wengine wanaletewa uji na mikeka, yeye anatazama mlango. Mwenye kumgeuza, kumwosha na kumlisha ni nesi peke yake. Sunna ya nani hiyo? Ya Bi Rufaida.

Wala hakuwa mwanamke peke yake katika kazi hii. Bi Ummu Atiyya al-Ansariyya alitoka na Mtume (s.a.w) katika safari saba za vita, akipika, akitibu majeruhi na kuwasimamia wagonjwa. Bi Rubayyi bint Muawwidh na wenzake walikuwa wakiwanywesha maji wapiganaji, wakiwatibu na kuwarudisha Madina waliouawa na waliojeruhiwa. Na Imamu Bukhari, katika kitabu cha tiba ndani ya Sahihi yake, ameweka mlango maalumu unaouliza iwapo mwanamume atamtibu mwanamke na mwanamke atamtibu mwanamume, na chini yake akaiweka hadithi hiyo ya Bi Rubayyi. Wanachuoni wakaichukua kuwa hoja kwamba inafaa panapokuwa na haja, kwa mipaka yake: kinachofunuliwa ni kile kinachohitajika, na kinachotazamwa ni kwa ajili ya tiba.

*HEMA NDANI YA MSIKITI*

Mwaka wa 5 Hijria vikaja Vita vya Handaki. Makuraishi na washirika wao wakauzingira mji. Saad bin Muadh (r.a), kiongozi wa Aus, akapigwa mshale mkononi, ukaukata mshipa mkubwa. Nyie mnajua mshipa wa mkono ukikatika damu inavyotoka.

Mtume (s.a.w) aliamuru Saad apelekwe katika hema la Rufaida, na hema hilo lilikuwa ndani ya msikiti wa Mtume. Sababu imetajwa: amweke karibu, apate kumzuru. Fikiria msikiti ule ule wa kuswalia ndio ulikuwa na kitanda cha mgonjwa. Leo sisi mtu akitapika ukumbini tunamtoa haraka na kuanza kupiga deki. Msikiti wa Mtume ulipokea damu ya Saad.

Zingatia mambo matatu hapo.

*La kwanza*, Saad alikuwa bwana mkubwa wa kabila lake. Jamaa zake wangeweza kumchukua nyumbani wakamzunguka hamsini, kila mmoja na dawa yake. Lakini alipelekwa kwa mwenye ujuzi. Hakuna aliyesema huyu ni mwanamke, au huyu si wa ukoo wetu.

*La pili*, Mtume (s.a.w) alikuwa akipita kwa Saad asubuhi na jioni na kumuuliza ameamkaje, ameshindaje. Na Saad alikuwa akimweleza. Ndugu zangu wauguzi mnaosoma hapa mnajua jambo hilo lina uzito gani. Mgonjwa huulizwa kila zamu, si siku ya kulazwa tu. Jana hakuwa na homa, leo je? Kidonda jana kilikuwa kikavu, leo kimevimba? Mabadiliko madogo yakionekana mapema, mtu hupona. Yakionekana yameshakuwa makubwa, mara nyingi muda umepita.

*La tatu*, na hili ni zito. Saad hakupona. Jeraha lake lilichomwa moto kuzuia damu, kama ilivyokuwa tiba ya zama zile. Mkono ukavimba, akachomwa tena. Damu ikatulia, siku zikapita. Kisha usiku mmoja jeraha likafumuka. Watu wa Banu Ghifar waliokuwa na hema lao humo humo msikitini walishtukia damu inawafikia. Saad akafariki, kijana wa miaka kama 37, na Mtume (s.a.w) akatujulisha kwamba Arshi ya Mwingi wa Rehema ilitikisika kwa kifo chake.

Mgonjwa maarufu kuliko wote wa Bi Rufaida alifia mikononi mwake. Mimi sijasoma popote kwamba alilaumiwa, wala kwamba hema lilivunjwa. Kinyume chake: katika habari za Khaibar, mwaka wa 7 Hijria, anatajwa mwanamke wa Aslam, binti Saad, mwenye hema la kutibia msikitini, aliyehudhuria na kupewa fungu. Ibn Saad amemwandika kwa jina la Kuayba, na wapo wanachuoni wanaosema huyo ndiye Rufaida na wapo wanaosema ni dada yake. Vyovyote iwavyo, kazi ya hema lile iliheshimiwa kwa fungu, kama ya askari. Na mpaka leo chuo kimoja cha tiba huko Bahrain hutoa tuzo ya uuguzi yenye jina la Rufaida al-Aslamiyya.

Basi na wewe, mgonjwa wako akifariki, kabla hujamvamia nesi kwa maneno kumbuka hema lile. Kama kuna uzembe, zipo njia za kulalamika, zifuate. Lakini si kila kifo kina mkosaji. Ajali iko mikononi mwa Allah.

*KOSA LANGU MIMI*

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kulisema mimbarini.

Miaka kadhaa nyuma, mjomba wangu alilazwa katika hospitali moja kwa ajili ya kupasuliwa ngiri. Nyie watu wa Kusini mnajua mjomba ni nani kwetu. Jioni ile nesi, msichana mdogo kuliko wadogo zangu, alituambia: kuanzia saa sita usiku mzee asile wala asinywe chochote, kesho asubuhi anaingia upasuaji. Tukaitikia wote.

Mimi niliswali alfajiri, nikapita nyumbani, nikachukua chupa ya uji wa ulezi, nikaenda wodini. Nikamkuta mjomba midomo imekauka. Roho ikaniuma. Nikammiminia kikombe, akasita, akanitazama. Nikamwambia kunywa mjomba, huwezi kupasuliwa na njaa. Akanywa vikombe viwili.

Saa mbili nesi akaja kumchukua. Kabla ya kumpandisha kwenye machela akamuuliza jina lake kamili, akatazama karatasi, kisha akamuuliza mara ya mwisho kula ilikuwa saa ngapi. Mjomba si mtu wa uongo. Akasema: mwanangu amenipa uji sasa hivi. Nesi akasimamisha kila kitu.

Nikamjia juu, mbele ya watu, nikiwa na kanzu na kofia yangu. Nikamwambia mnawashindisha wazee njaa, hamna huruma. Hakunijibu kwa hasira. Alinivuta pembeni akanieleza: mtu akipewa dawa ya usingizi, koo nalo linalala. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, na mgonjwa anaweza kufa pale pale mezani. Akasema, shehe, ningemwingiza bila kuuliza ungekuwa unaniuliza mengine sasa hivi.

Upasuaji ulisogezwa kwa siku mbili. Mjomba alifanyiwa, akapona, akaishi miaka mingine. Alhamdulillah. Lakini mimi nilirudi nyumbani nikiwa nimevunjika. Mtu ninayefundisha watu kujizuia chakula na maji tangu alfajiri mpaka magharibi, nilishindwa kulinda saa chache za mgonjwa mmoja. Nesi yule alikuwa amemfungisha mjomba saumu ya kuokoa roho yake, nami ndiye niliyemfungulisha. Na baya zaidi ni kwamba mjomba alisita. Alijua. Alikunywa kwa sababu mimi ni shehe. Heshima mliyonipa kwa ajili ya dini niliitumia kumpinga mwenye ujuzi katika jambo nisilolijua.

Nilirudi kumwomba radhi. Alicheka tu, akasema wengi wanafanya hivyo. Neno hilo *wengi* ndilo linalonifanya niandike leo.

*TUFANYE NINI SISI?*

Kumuuguza mtu kunataka huruma, na huruma ile inataka ujuzi wa kuiongoza. Siku ya Uhud, uso wa Mtume (s.a.w) ulipojeruhiwa, Bi Fatma (r.a) aliosha damu na Sayyidna Ali akimwagia maji kwa ngao. Akaona maji yanazidisha damu. Hakuendelea kwa mazoea. Alisimama, akachoma kipande cha mkeka, akaweka majivu yake penye jeraha, damu ikakatika. Sisemi nawe ukaweke majivu kwenye kidonda, la. Hiyo ilikuwa tiba ya zama zao. Leo mtu akikatwa na panga shambani, bana jeraha kwa nguvu na kitambaa safi, usifungue fungue kuchungulia, mwinue mkono, mkimbize hospitali. Tunachojifunza kwa Bi Fatma ni kutazama: ninachofanya kinamsaidia mgonjwa, au kinanisaidia mimi nijione nimefanya?

Basi shika haya machache katika mwezi huu:

1. *Dawa na saumu.* Usijipangie. Dawa ya mseto ya malaria ina saa zake: dozi ya pili ni baada ya saa 8 tangu ya kwanza, kisha asubuhi na jioni mpaka siku 3 zitimie, na inafaa inywewe na chakula. Kuna watu wanaruka dozi ya mchana wapate kufunga. Mgonjwa ana ruhusa ya Mola wake, ipo Suratul Baqara aya ya 184 na 185. Fungua, maliza dozi, utalipa siku nyingine. Mwenye sukari au presha amuulize daktari au nesi *kabla* ya kufunga, si baada ya kuanguka. Na mwenye sukari akianza kutetemeka, kutokwa jasho jingi na kuchanganyikiwa mchana wa Ramadhani, afungulishwe hapo hapo kwa kitu chenye sukari, kisha apelekwe hospitali.

2. *Ukiulizwa jina lako mara ya tatu, usikasirike.* Nesi ana mambo matano ya kuhakikisha: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo na wakati ndio. Wodini wanaweza kuwemo kina Mohamedi watatu. Na usimfiche kwamba umefunga, au kwamba umekunywa dawa za miti shamba.

3. *Mikono.* Unatawadha mara tano. Basi nawa kwa sabuni ukiingia wodini na ukitoka. Sunna ya kumzuru mgonjwa haikuamuru kumpelekea vijidudu.

4. *Mgonjwa asiyeweza kujigeuza* nyumbani, mgeuze kila baada ya saa mbili hivi, mkaushe, mtazame mgongo, makalio na visigino. Kidonda cha kulala huanza na wekundu tu, au doa lililoiva kuliko ngozi ya pembeni. Ukimsomea Yasini na hukumgeuza, umefanya nusu ya kazi.

5. *Kuzuru.* Mtume (s.a.w) alipita, akauliza hali, akamwachia Rufaida kazi yake. Sisi tunakwenda kumi, tunakaa kitandani, tunazuia njia. Enda, muombee dua, toka.

6. *Futari ya wauguzi.* Adhana ya magharibi inapoadhiniwa, kuna nesi aliyefunga ameshika mkono wa mama anayejifungua. Hataiachia kwa ajili ya tende. Wewe unayesoma hapa, wiki hii peleka tende, maji na vitumbua kwa zamu ya jioni ya hospitali iliyo karibu nawe. Mwenye kumfuturisha aliyefunga anapata mfano wa ujira wake. Na wao ujira wao ni wa saumu pamoja na kuuguza. Unaiona biashara hiyo?

*JIBU KWA BABA YULE*

Baba wa binti, nilikuomba siku mbili, jibu ndilo hili. Mpeleke. Mfundishe stara yake, swala yake na uaminifu wa siri za wagonjwa, kisha mpeleke. Na asome kweli kweli, maana muuguzi asiye na ujuzi ni kama mimi na chupa yangu ya uji.

Kwa bibi yake nenda kwa adabu. Usimpelekee maneno makali. Mkalishe, mwambie: bibi, siku utakayokuwa huwezi kujigeuza, unataka nani akuvue nguo akuoshe, mwanamke mwenzio aliyesoma na anayemcha Mungu, au nani? Kama hatutaki mabinti zetu wasome uuguzi, wake zetu na mama zetu watauguzwa na kina nani? Wanawake wengi hapa wanalalamika kwamba wamehudumiwa na wanaume wakati wa kujifungua. Dawa ya lalamiko hilo iko mikononi mwa wazee wanaomzuia binti kwenda chuo.

Kisha umsimulie kwamba Bwana Mtume (s.a.w) alipopata sahaba aliyempenda akiwa na jeraha la kufa, alimkabidhi kwa mwanamke, ndani ya msikiti wake, mbele ya watu wote.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu walio Ligula na hospitali zote, walio majumbani na walio safarini. Walipe wauguzi wetu kwa kila usiku waliokesha. Mrehemu Bi Rufaida na wenzake, warehemu wajomba zetu na wazee wetu waliotutangulia, na utusamehe tuliyowafanyia wagonjwa kwa kutokujua. Amin.

Kesho insha'Allah tutaendelea. Mfikishie ujumbe huu nesi mmoja unayemjua, na mwambie asante.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullah.